Ghala la Korosho na Ghala la Msimbo: Nani Ana Funguo?

Mwaka 2005 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Mazao Ghalani, sheria namba 10 ya mwaka huo. Mwaka huohuo, mwezi wa nne, Mfini mmoja aliyekuwa akiishi Marekani, jina lake Linus Torvalds, alijifungia siku chache akaandika programu ya kutunzia kazi za waandishi wa programu. Akaiita Git. Mambo haya mawili hayana undugu wowote. Torvalds hajui korosho inabanguliwaje, na wabunge wetu hawakuwa na habari na Torvalds. Lakini nimezunguka Nachingwea na Ruangwa nikiyawaza pamoja, na naona yote mawili yanajibu swali moja: watu wengi wasiojuana wakileta mali yao sehemu moja, utajuaje nani kaleta nini, lini, na funguo za ghala anashika nani?

Najua wapo watakaosema ndugu mwandishi kapigwa na jua la Kusini. Nivumilieni kidogo, tutafika.

Tuanze na korosho, maana hiyo wengi tunaijua. Mkulima wa hapa anapeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, AMCOS. Zinapimwa, zinaangaliwa daraja, anapewa karatasi. Kutoka hapo mzigo unakwenda ghala kuu na kusubiri mnada. Vyama vya msingi vya wilaya hizi viko chini ya chama kikuu kiitwacho RUNALI, na jina lenyewe linakuambia: Ruangwa, Nachingwea, Liwale. Mfumo huu ulianza na korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, ukaenea, na siku hizi hata ufuta unapita humo. Malalamiko yapo, makato yapo, na malipo yakichelewa utayasikia matusi ya kila rangi. Lakini ukimuuliza mkulima kitu gani hakubali kukipoteza, atakuonyesha ile karatasi. Bila stakabadhi, mzigo wako ukishaingia ghalani umekuwa mzigo wa mtu yeyote.

Sasa msimbo. Programu yoyote unayotumia, iwe ya simu, ya benki au ya hospitali, kwanza iliandikwa na mtu kwa maandishi ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma. Maandishi hayo ndiyo msimbo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: unausoma, unaunakili, unaubadilisha, unampa jirani. Uzuri wake tumeuhubiri sana. Jambo ambalo hatulisemi ni kwamba uwazi peke yake hautoshi. Ukiumwaga msimbo uwanjani watu mia wauchukue na kila mmoja aubadilishe kivyake, baada ya mwaka mmoja mna programu mia zisizoelewana. Lazima kuwe na ghala, na ghala lazima liwe na utaratibu.

Utaratibu huo una historia yake. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs, Marekani, aliandika SCCS, programu ya kutunza kila toleo la faili ili uweze kurudi nyuma. Miaka ya mwanzo ya 1980 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Zote zilikuwa na tabia ya stoo yenye kufuli moja: ukichukua faili kulifanyia kazi, wengine wanasubiri mpaka urudishe. Mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, alikuwa na kazi ya pamoja na wanafunzi wake wawili. Ratiba zao zilipishana, hawakuweza kusubiriana. Akaandika kitu kilichokuja kuitwa CVS, ambacho kiliruhusu watu kadhaa kubadilisha faili lilelile kwa wakati mmoja, kisha mabadiliko yakaunganishwa. Yaani shida ya ratiba ya watu watatu ilizaa kifaa kilichobeba karibu programu huria zote za miaka ya 1990! Mwaka 2000 kazi ya kuandika mrithi wake, Subversion, ikaanza, na toleo lake la kwanza kamili likatoka 2004.

CVS na Subversion zote zilikuwa na ghala moja kuu, mahali pamoja. Ili uingize kitu lazima uwe kwenye mtandao, na lazima mwenye ghala awe amekupa ruhusa. Kwa aliyekaa Oslo au Boston hilo halikuwa tatizo. Kwa aliyekaa Tanzania, nchi iliyokuwa ikitegemea setilaiti kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Julai 2009, ilikuwa ni sawa na kumwambia mkulima wa ndani kabisa Ruangwa kwamba ghala liko Dar es Salaam na linafunguliwa saa moja kwa siku. Ataleta nini?

Kuna jambo la pili ambalo ghala lazima lijibu: mali hii imetoka wapi? Hapa Kusini hatuna haja ya kufundishwa. Oktoba 2018 wakulima waligoma kuuza kwa bei ya mnada. Novemba mwaka huo Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kubeba mzigo. Kabla ya kulipa, timu za uhakiki zikapita vijijini kuuliza: wewe unayedai kuleta korosho hizi, shamba lako liko wapi? Waliokuwa wakisakwa ni watu wa kangomba, wale wanaonunua kwa mkulima mwenye njaa kwa bei ya kutupa kisha wanakwenda kuuza kana kwamba wamelima wao. Wakulima halali nao wakajikuta wanasubiri fedha zao huku uhakiki ukiendelea. Kumbukumbu zisipokuwa safi tangu mwanzo, anayelipa gharama ni yule asiye na kosa.

Na dunia ya msimbo ilipata kangomba yake. Machi 2003 kampuni ya SCO ya Marekani iliishtaki IBM ikidai kwamba mali yake, msimbo wa Unix, ilikuwa imeingizwa ndani ya Linux bila haki. Kesi iliburuzana miaka mingi. Lakini swali lilikuwa zito: je, Torvalds na wenzake wangeweza kuonyesha kila mstari ulitoka kwa nani? Linux ilikuwa imekua kwa miaka kwa watu kutumiana mabadiliko kwa barua pepe. Mwaka 2004 wakaanzisha utaratibu ambao upo mpaka leo: kila anayeleta mabadiliko anaweka jina lake chini, akitamka kwamba kazi ni yake au ana haki ya kuileta. Kila anayeupitisha mzigo huo naye anasaini. Ni stakabadhi kamili.

Halafu yakatokea ya funguo. Tangu 2002 Linux ilikuwa ikitunzwa kwa programu iitwayo BitKeeper, mali ya kampuni binafsi, ambayo waandishi wa Linux waliruhusiwa kuitumia bure kwa masharti. Mwaka 2005 kukatokea ugomvi, baada ya mmoja wa watu wa programu huria kuandika kifaa cha kuongea na maghala ya BitKeeper, na kampuni ikaondoa ruhusa ya bure. Fikiria: programu huria kubwa kuliko zote duniani, na ghala lake liko mikononi mwa mtu mwingine! Hapo ndipo Torvalds alipoandika Git.

Git ilibadilisha mambo mawili. La kwanza, kila anayechukua nakala anachukua ghala zima, na historia yake yote tangu siku ya kwanza. Unaweza kukaa Nachingwea bila mtandao wiki nzima, ukafanya kazi, ukaweka kumbukumbu, na ukipata mtandao ukapeleka. La pili, kila ingizo lina jina la herufi na tarakimu 40 linalokokotolewa kutokana na kilichomo ndani yake pamoja na jina la ingizo lililotangulia. Ukigusa herufi moja ya zamani, majina yote yanayofuata yanabadilika na kila mwenye nakala anakuona. Natamani siku moja daftari la mizani liwe hivyo.

Sasa nirudi nyumbani, maana kuna sababu nyingine ya kuyaandika haya kutoka Nachingwea.

Mji huu uliwahi kupata mradi mkubwa uliopangwa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga, ikachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Baada ya vita Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na London ikaamua ekari zaidi ya milioni tatu zilimwe. Matrekta yakaletwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa vya kung'olea visiki. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Walichokosa ni kumsikiliza aliyekuwa akilima hapa, anayejua udongo na mvua zake. Januari 1951 mradi ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikahesabiwa hasara. Reli ilifungwa mwaka 1962 na vyuma viking'olewa. Wenye mradi walipoondoka, hakuna aliyebaki na ramani ya kuuendeleza wala kuurekebisha.

Kwa nini nakumbusha karanga kwenye habari za msimbo? Kwa sababu kuna programu moja kubwa inayoendeshwa nchini mwetu, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, ambayo ingeweza kabisa kwenda njia ileile. Haikwenda, na sababu mojawapo ni jinsi ghala lake lilivyopangwa.

Ingia zahanati yoyote ya wilaya hizi, utaona vitabu vikubwa vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 6 ni cha wajawazito, namba 12 ni cha waliojifungua, na vingine. Mwisho wa mwezi mhudumu anahesabu mistari, anajaza fomu ya muhtasari, fomu inakwenda wilayani. Dada mmoja niliyemkuta akihesabu kwa kalamu ya risasi aliniambia, "Kaka, hapa nikikosea mmoja, mama mmoja kapotea." Wilayani tarakimu zinaingizwa kwenye programu iitwayo DHIS2, na kutoka hapo mganga mkuu wa wilaya, mkoa na wizara wanaziona. Dawa, chanjo na watumishi vinapangwa kwa kuzitazama.

Programu hii ni huria. Mizizi yake ni Afrika Kusini, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, pale watafiti wa Cape Town na wenzao wa Norway walipotafuta namna ya kuunganisha takwimu za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi za watu. DHIS ya kwanza ilitolewa bure, lakini ilijengwa juu ya Microsoft Access na kazi ya kuiandika ilikuwa mikononi mwa watu wachache sana Cape Town. Nchi nyingine zikaichukua, Tanzania mojawapo, kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Msimbo ulikuwa wazi, ndiyo, lakini ghala la pamoja la watu wa mbali kufanyia kazi halikuwepo. Ukitaka jambo libadilike, unaomba.

Kuanzia 2004 Chuo Kikuu cha Oslo kikaanza kuiandika upya, DHIS2, safari hii kwa ghala lililo kwenye mtandao, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Kerala, India. Waandishi walikuwa Norway, India na Vietnam. Na hapo wakakutana na swali gumu kuliko yote ya upangaji wa ghala: kitu gani ni cha wote, na kitu gani ni cha nchi moja? Kila nchi ina ripoti zake na matakwa ya wizara yake. Ukiingiza yote kwenye kiini, programu inakuwa kapu la kila taka. Ukikataa yote, kila nchi inachukua nakala yake na kujitenga, na siku kiini kikirekebishwa hawafaidiki.

Jibu la kwanza lilikuwa vyumba. Ndani ya ghala, ambalo wakati huo lilikuwa Launchpad likitumia Bazaar, ndugu wa rika moja na Git, kulikuwa na sehemu ya kiini na sehemu ya pembeni yenye vyumba vya nchi, cha India na cha Vietnam. Ilisaidia, lakini mambo ya vyumbani yaliendelea kushikana na kiini. Kiini kikisogea, chumba kinapasuka. Jibu la pili, lililokuja miaka ya mwanzo ya 2010, lilikuwa bora zaidi: kiini kikafunguliwa mlango maalumu wa kupitishia taarifa, na mtu yeyote akaweza kuandika programu ndogo inayotumia mlango huo na kuitunza kwenye ghala lake mwenyewe. Mwaka 2016 kiini kilipohamia Git, kwenye GitHub, mpangilio huo ukawa dhahiri: ghala moja la kiini, na maghala mengine mengi ya programu ndogo, kila moja na watunzaji wake.

Msomaji, hapa ndipo historia inatuhusu. Mpangilio huo ndio uliowapa vijana wa Dar es Salaam nafasi. Kundi la HISP Tanzania, lililotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likawa na maghala yake na likaandika programu ndogo, kama ile ya kadi za alama zinazompa mganga mkuu rangi nyekundu, njano na kijani. Mwaka 2020 wenzao wa Sri Lanka walitengeneza kifaa cha kufuatilia Covid-19 kabla hata Oslo haijafikiria, na kikasambazwa kwa nchi nyingine. Leo DHIS2 inatumika katika nchi zaidi ya 70.

Hata mambo madogo yanategemea uamuzi huu. Ruangwa imekuwa wilaya mwaka 1995. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya eneo lake ilihesabiwa Nachingwea. Nchi yetu hugawa wilaya kila baada ya muda. Kama orodha ya wilaya ingeandikwa ndani ya msimbo, kila tukigawa tungemwandikia mtu wa Oslo atubadilishie. Lakini walioipanga programu waliamua kwamba orodha hiyo si msimbo. Ni taarifa, na kila nchi inaipanga yenyewe, kutoka zahanati hadi taifa. Kujua nini kisiingie ghalani nako ni kazi ya mtunza ghala.

Tunao mfano mwingine wa kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Waswidi wa IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tulishangilia, kisha wengi wetu tukarudi kwenye Kiingereza chetu. OpenOffice yenyewe ikapita misukosuko: mwenye mali, Sun Microsystems, akanunuliwa na Oracle mwaka 2010, na mwaka huohuo sehemu kubwa ya waandishi wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Ungedhani Kiswahili kingepotelea njiani. Lakini ndani ya ghala la tafsiri la LibreOffice kuna chumba chenye alama sw-TZ, Kiswahili cha Tanzania. Hakuna aliyekibeba kwa huruma. Tafsiri zilipoingia kwenye ghala la wote, zikasafiri na ghala.

Kwa nini nayasema leo? Kwa sababu Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, baada ya fedha zake kusitishwa tangu Januari. Miradi mingi ya takwimu za afya Afrika iliegemea fedha za wafadhili, za Marekani zikiwemo. Kila mahali watu wanauliza nini kitabaki. Nachingwea inajua hali hiyo tangu reli ilipong'olewa. Kwa programu ambayo msimbo wake wote na historia yake vipo wazi, na nakala zake zipo kwenye kompyuta za Watanzania, hakuna wa kuja kung'oa vyuma. Nakala tunayo kihalali. Je, watu wa kuisoma tunao wangapi?

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Vyuo vyetu vinafundisha kuandika programu, vizuri. Lakini mhitimu wa kwetu mara nyingi anakuja na faili kwenye flash, "mradi_mwisho", kisha "mradi_mwisho_kabisa", na hakuna anayejua kabadilisha nini na kwa nini. Na serikali, taasisi na kampuni zinaendelea kununua mifumo bila kuuliza swali ambalo mkulima wa AMCOS angeuliza kwanza: ghala liko wapi, kumbukumbu za walioingiza ziko wapi, na mkataba ukiisha funguo zinabaki kwa nani? Unakuta mfumo umelipiwa mamilioni, msimbo uko kwenye laptopu ya kijana mmoja, na kijana kahamia kampuni nyingine.

Ushauri wangu ni mfupi. Wewe mwanafunzi, usisubiri kazi ya kwanza ndipo ujifunze Git. Nenda kwenye ghala la programu huria yoyote inayotumika nchini, soma historia yake tangu mwanzo, tafuta kosa dogo, rekebisha, weka jina lako chini. Wewe unayesaini mikataba ya mifumo, andika kwenye mkataba kwamba ghala lote, pamoja na historia yake, linakabidhiwa siku ya kwanza na si siku ya ugomvi. Dada wa zahanati anahesabu kina mama wake mmoja mmoja kwa kalamu ya risasi. Tunaotunza msimbo unaobeba hesabu zake tunapaswa kuwa makini angalau kiasi hichohicho.